Je, Wajua? Maji ya Ziwa na Kompyuta

Je, wajua kwamba maji ya Ziwa Tanganyika, hata yakiwa maangavu vile pale mjini Uvira, hayafai kupozea kompyuta? Mto Ruzizi hubeba chumvichumvi, magnesi hasa, kutoka Ziwa Kivu na kuzimwaga ziwani karibu na mji. Ndani ya kompyuta inayopozwa kwa maji, madini hayo huganda kwenye bamba la shaba lililokaa juu ya prosesa, joto likakosa pa kupitia. Maji hayo yakivuja, hupitisha umeme. Tumia maji yaliyotokana na mvuke uliopozwa. Ukibadilisha rejeta ya kompyuta hiyo, usichanganye shaba na alumini: alumini italiwa. Kisha endesha pampu peke yake kwanza, ukipangusa kila kiungio kwa karatasi kavu kuona kama kinavuja, ndipo uwashe kompyuta.