Dhulma, Pendekezo na Hukumu: Funzo la Nyamuma

Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ambaye alipomtuma Muadh bin Jabal kwenda Yemen alimwonya ajihadhari na dua ya aliyedhulumiwa. Ama baad.

Mafakihi wametofautisha fatwa na hukumu. Mufti hubainisha haki iko wapi, lakini hamlazimishi mtu. Kadhi akihukumu, hukumu yake hulazimu. Imam al-Qarafi aliitungia kitabu mas-ala hii. Tunaikumbusha kwa kuwa ndiyo ufunguo wa kuielewa kesi ya Nyamuma, kijiji kilichomo katika wilaya ya Serengeti, wilaya ile ile ya Robanda.

Oktoba 2001 wakazi wa Nyamuma waliondolewa kwa nguvu na nyumba zao zikachomwa moto, kwa hoja kwamba wamo ndani ya hifadhi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kikapeleka malalamiko ya wanakijiji 135 kwenye Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Tume hii iliundwa kwa Sheria namba 7 ya mwaka 2001, ikachukua nafasi ya Tume ya Kudumu ya Uchunguzi iliyoanza kazi mwaka 1966. Baada ya kusikiliza pande zote mbili, mwaka 2004 Tume iliona kuwa haki za watu zimevunjwa, ikapendekeza walipwe fidia. Serikali ikakataa.

Je, pendekezo la Tume ni fatwa tu? Kifungu cha 28 cha sheria hiyo kinasema kuwa muda uliowekwa ukipita bila hatua ya kuridhisha, Tume yaweza kwenda mahakamani yenyewe, au kupendekeza mamlaka nyingine ifungue shauri. Wanakijiji walipokwenda Mahakama Kuu, ombi lao lilikataliwa. Lakini Mahakama ya Rufani, katika rufaa namba 88 ya mwaka 2006, ilikubali kwamba mapendekezo ya Tume yaweza kutekelezwa kwa njia ya mahakama. Kwa lugha ya mafakihi, kilichokuwa bayana kikapata mlango wa kuwa ilzamu.

Wanazuoni wetu waliliona jambo hili zamani. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058), alipoeleza wilaya ya madhalimu alishurutisha kwamba msimamizi wake awe na haiba na amri inayopita, na akataja miongoni mwa kazi zake kutekeleza hukumu ambazo makadhi wameshindwa kuzitekeleza kwa sababu mhukumiwa ni mwenye nguvu. Alijua kwamba haki isiyo na mkono wa kuitekeleza humwacha mnyonge pale pale alipokuwa.

Basi imamu akijiwa na mtu aliyenyang'anywa ardhi na mwenye mamlaka, asimwambie asubiri tu. Amwelekeze akusanye ushahidi na mashahidi, kwani bayana ni juu ya mdai. Amjulishe pia kuwa Tume haichunguzi jambo lililo tayari mbele ya mahakama. Hivyo apime mapema aanzie mlango upi. Na akipata pendekezo, asilikunje akaliweka sandukuni. Ahesabu muda uliowekwa, na ukipita, aidai haki yake ifikishwe mahakamani.

Wallahu a'lam.