Saa 60 za Kwenda Tosh

Kutoka Delhi hadi Tosh, kijiji kilichojishikiza juu ya bonde la mto Parvati katika jimbo la Himachal Pradesh, ni kama kilomita 540. Mtu wa Dodoma akisikia umbali huo atasema ni Dar na chenji. Milima ya Himalaya haihesabu hivyo. Mwanafunzi wa Kitanzania au Mkenya aliyeko Delhi, mwenye wikiendi moja na hamu ya kuona theluji japo kwa mbali, aanze kupanga kwa saa kabla hajagusa rupia.

Wikiendi yenyewe, toka Ijumaa saa kumi na mbili jioni hadi Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, ni saa 60. Basi la usiku kutoka Delhi hadi Bhuntar, mji mdogo ambapo Parvati unaingia mto Beas, huchukua kama saa 12 kwa kilomita 490. Hiyo ni wastani wa kilomita 41 kwa saa, na kipande cha kwanza ni tambarare tupu. Kutoka Bhuntar zimebaki kilomita 50 tu: Kasol, Manikaran, Barshaini, halafu Tosh. Hizo zitengee saa tatu, na saa moja nyingine ya kusubiri usafiri. Barabara ni nyembamba, mto uko chini upande mmoja, na magari mawili makubwa yakikutana lazima moja lirudi nyuma.

Kwenda ni saa 16, kurudi 16. Ukifika Jumamosi saa nne asubuhi na kuondoka Jumapili saa nane mchana, kijiji umekipata kwa saa 28. Toa nane za kulala, zinabaki 20. Saa 32 umezitumia ukiwa umekaa kwenye kiti.

Sasa fedha. Bei hizi ni makadirio ya kupangia, na hupanda Mei na Juni watu wa Delhi wanapokimbia joto. Kiti cha basi zuri, ambalo huko wote huliita Volvo hata likiwa la kampuni nyingine, weka rupia 1,500. Kwenda na kurudi 3,000. Mabasi ya kawaida ya bondeni, 200. Chumba cha gesti usiku mmoja, 1,200. Chakula na chai, 1,200. Akiba ya dharura, 1,000. Jumla ni rupia 6,600, takriban shilingi 10,000 za Kenya au 200,000 za Tanzania.

Gawanya kwa zile saa 20: kila saa uliyo macho kijijini imekugharimu rupia 330. Kisha omba ruhusa ya Jumatatu moja. Chumba na chakula vinaongeza kama rupia 2,000, jumla inakuwa 8,600, lakini saa za kuwa macho zinafika 36. Saa moja imeshuka hadi rupia 239. Nauli ndiyo iliyobeba mzigo wote wa safari, na siku ya tatu haina nauli. Ndiyo maana mimi huona wikiendi ya siku mbili huko kuwa anasa, ingawa ukitazama jumla peke yake inaonekana ndiyo nafuu.

Jumatatu hiyo pia ndiyo inayoiwezesha Kheerganga, chemchemi ya maji moto iliyo karibu mita 2,960 juu ya usawa wa bahari. Kutoka Barshaini kupanda ni saa nne hadi tano kwa miguu, na bado kuna kushuka. Kwa mgeni wa saa 20, aliyetoka kukesha kwenye basi, hapo hamna mapumziko.

Kimo nacho kina hesabu yake. Delhi iko mita 216, Tosh karibu 2,400, chini kidogo ya kibanda cha Mandara kule Kilimanjaro. Kwa kanuni ya nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, tegemea baridi ya nyuzi 14 zaidi ya uliyoiacha mjini. Ugonjwa wa kimo huanza kusumbua watu juu ya mita 2,500 hivi, kwa hiyo kulala Tosh si tatizo kwa wengi. Anayetamani kulala kijiji cha Chitkul, mita 3,450, usiku wa kwanza tu baada ya kutoka Delhi, anauomba mwili wake deni kubwa.

Mgeni wa nje ana jambo moja zaidi. Nyumba ya wageni hutakiwa kumwandikisha kwa fomu ya wageni wa nje ndani ya saa 24, na gesti nyingine ndogo hazitaki usumbufu huo. Piga simu kabla, beba pasipoti yenyewe, na uwe na noti mkononi.

Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba ni msimu wa mvua, na hapo hesabu zote hizi huvunjika. Julai 2023 Beas ulifurika ukabeba vipande vya barabara kuu ya kwenda Manali. Zile rupia 1,000 za dharura hazimtoshi aliyekwama siku tatu, ingawa Manikaran, njiani, kuna hekalu la Masingasinga ambapo wali hupikwa kwa maji ya chemchemi na kila anayeingia hulishwa bure.