Je, Wajua? Kulea Watoto Huchosha Mgongo

• Maumivu ya kiuno ndiyo yanayoongoza kwa kuwalemaza watu duniani. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu milioni 619 waliishi nayo mwaka 2020.

• Mtoto wa mwaka mmoja ana uzito wa kilo 9 hivi. Mlezi wa kituo cha watoto akiwainua wa rika hilo mara 30 kwa siku, amebeba kilo 270, tena mzigo unaorusha miguu na kujinyonganyonga.

• Uzito si tatizo pekee. Kadiri mtoto anavyokuwa mbali na kifua chako, ndivyo misuli ya mgongo inavyovuta kwa nguvu zaidi. Kibaya zaidi ni kuinama huku umejipinda, kama unapomtoa mtoto kitandani ukiwa umegeukia mwingine anayelia.

• Msongo wa mawazo nao huingia mgongoni. Vilio vya kutwa, wazazi wanaochelewa na mshahara mdogo hukaza misuli na kuiba usingizi, maumivu yakazidi.

• Kulala kutwa si dawa. Kutembea na kuendelea na kazi nyepesi husaidia kupona. Unapomwinua mtoto, piga goti, mkumbatie kifuani, kisha inuka kwa nguvu za miguu. Anayejua kutembea apande mwenyewe kwa kingazi hadi kwenye meza ya kubadilishia nepi.

• Ukihisi ganzi katikati ya mapaja au ukishindwa kuzuia mkojo, nenda hospitali siku hiyo hiyo.