Giaboksi Moja, Gari Jingine

Huko Mbalibali, mkoani Mara, ambako njia ya changarawe hugeuka utelezi masika yakiingia, Toyota Land Cruiser kongwe ya gia nne ina heshima yake isiyokanushika. Lakini mwenyewe ashikapo lami kutoka Tarime hadi Musoma, injini ikinguruma pasipo kupumua, ndipo humjia tamaa ya ile giaboksi ya gia tano, H55F, iliyofungwa katika magari ya nasaba hiyo hiyo tangu miaka ya 1980. Gia ya tano huiruhusu injini izunguke polepole kuliko propela, dizeli ikaokolewa na masikio yakastarehe.

Wako wadhanio kwamba udugu wa magari watosha ili giaboksi hiyo ihamishiwe katika gari la gia nne, la hasha! Ganda la klachi la injini ya petroli aghalabu silo la dizeli, na meno ya shafti yasipolingana na bamba la klachi kazi yote ni bure. Fauka ya hayo, giaboksi hii ni ndefu zaidi, hata ikalazimu propela ya nyuma ikatwe na ya mbele irefushwe. Lau ningeulizwa, ningeshauri inunuliwe pamoja na ganda na propela zake, ijapokuwa bei itapanda.