Waulizeni Akina Mama Juu ya Mbegu

Ndugu Mkulima, ukiulizwa shamba lako ni la nani, utataja jina lililoandikwa katika daftari la skimu. Lakini ukiulizwa ni nani aliyechagua mbegu ya mtama mliyopanda mvua za Machi, na ni nani atakayeisaga na kuipika, mara nyingi utataja jina jingine. Habari hizi ni za jina hilo la pili.

KOSA LA KARANI

Miaka michache iliyopita niliagizwa kuandika barua za kuwaita wakulima waje kutazama shamba la majaribio ya mtama. Nilifungua daftari la mashamba, nikanakili majina. Siku ilipofika walikuja wanaume watupu, ila mama mmoja mjane ambaye shamba lilikuwa kwa jina lake.

Wanaume walipita katika mistari wakausifu mtama mweupe wenye masuke makubwa. Mama yule alinyamaza mpaka Bwana Shamba alipomwuliza. Akasema, "Mwanangu, huo ni chakula cha ndege. Watoto wangu wako shuleni. Nani atakaa shambani kutwa akipiga makopo?"

Kisha akatuonyesha mtama mwekundu, mfupi. Chini yake kayongo ilikuwa imechanua maua yake ya zambarau, lakini mtama ulikuwa umesimama na kuzaa. "Mimi nataka huu," akasema. "Nikiuchanganya na muhogo, ugali wake unashiba."

Karatasi yangu ilikuwa na nafasi ya kuandika urefu na uzito tu. Ndege, kayongo na chungu havikuwamo.

MANENO YAKE YANA SABABU

Mbegu za kayongo ni ndogo kama vumbi. Mmea mmoja hutoa maelfu mengi, nazo huweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10. Gugu hili hushika mizizi ya mtama, mahindi na wimbi, na huanza kunyonya kabla hujaliona juu ya ardhi. Basi mtama unaovumilia kayongo ni mali.

Tena, mitama mingi ya rangi nyekundu au kahawia ina uchungu ambao ndege hawaupendi. Ndivyo ulivyo mtama wa Serena, uliozalishwa katika kituo cha Serere, Uganda. Uchungu huo mama huupunguza kwa unga wa muhogo.

Huko Rwanda, mwishoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa kituo cha Rubona, pamoja na Louise Sperling, waliwaita akina mama waliosifika vijijini kwa kujua maharagwe. Wakawaruhusu kuchagua kati ya aina zilizokuwa bado katika majaribio. Zilipopandwa nyumbani, aina walizochagua mara nyingi zilizaa kuliko mbegu zao za zamani, tena zilifaulu kuliko zile walizochagua wataalamu wenyewe.

MAMBO YA KUFANYA

1. Mkiitwa kwenye shamba la majaribio, njooni mume na mke. Akina mama wapewe nafasi ya kusema peke yao, kwani wengi hawasemi mbele ya baba mkwe.

2. Mbegu ya mtama na wimbi ichaguliwe shambani kabla ya kuvuna, si ghalani. Funga uzi kwenye mimea iliyozaa vizuri hata penye kayongo. Usichague pembeni mwa shamba, wala usichukue masuke mawili matatu tu.

3. Mtama na wimbi kwa kawaida hujichavusha, hivyo mtoto hufanana na mama. Mahindi ya haibridi, ambayo ya kwanza ya Kenya yalitolewa Kitale mwaka 1964, hayako hivyo. Mbegu yake hununuliwa upya kila msimu.

4. Mbegu mpya ijaribiwe kwanza katika sehemu ndogo kando ya ile ya zamani. Hesabuni madebe, kisha pikeni mwonje.

5. Ng'oeni kayongo kabla haijatoa mbegu.

Mwanamume anayechagua mbegu bila kumwuliza mkewe anaweza kupata suke kubwa na chungu kitupu. Mimi nimekwisha kujifunza. Siku hizi, kando ya jina la mwenye shamba, nimepiga mstari mwingine wa kuandika jina la mwenye jembe, na barua huandikwa kwa wote wawili.