Limbwata Halitulizi Ndoa

Kila mwaka alizeti zikishauzwa na fedha kuingia majumbani, swali lilelile hunijia kutoka Ikungi, Kiomboi, Manyoni na hapa Singida mjini: "Kuna dawa gani ya kumfanya mume wangu anisikilize?" Wanaume nao huuliza, ila wao husema wanataka "kumtuliza mke". Nimelijibu mno swali hili ana kwa ana. Leo nalijibu kwa maandishi.

Dawa hiyo haipo. Limbwata mnalouziwa na waganga ni unga ambao muuzaji wake hakuambii umetokana na nini, nawe unautia kwenye mlenda wa mtu asiyejua lolote. Kama mwenzio anatumia vidonge vya shinikizo la damu au kisukari, hakuna awezaye kukuhakikishia kwamba mchanganyiko huo hautamdhuru. Akianguka, polisi watamhoji aliyepika. Mganga atakuwa ameshahama.

"Mbona dada yangu lilimsaidia?" Hebu tazameni masharti yanayoambatana nalo: siku kadhaa usigombane, usimwulize alikotoka, mpikie kwa uso mkunjufu, usimwambie yeyote. Nyumba ikikaa wiki nzima bila kelele, mume atashinda nyumbani jioni mbili tatu, na sifa zote zitaenda kwa unga. Kelele zikirudi, unaambiwa ulivunja sharti, ongeza fedha. Kwa hesabu hiyo mganga hawezi kukosea hata siku moja, na mtu asiyeweza kukosea simwamini. Linaloniudhi zaidi ni sharti la siri. Linamtenga mtu mwenye majonzi na shangazi yake, rafiki zake na kiongozi wake wa dini, akabaki na mshauri mmoja tu, yule anayemlipa.

Na tuseme lingefanya kazi. Ungelala kitanda kimoja na mtu asiye na uwezo wa kukukataa. Anayeniuliza swali hili anataka kupendwa, na mtu asiyeweza kumkataa hawezi kumpenda.

Utulivu wa moyo uanzie kwenye mpaka wako. Mkulima wa huku hupanda minyaa kuzunguka shamba lake. Hampangii jirani mazao. "Acha pombe" ni amri, na mwenzio anaweza kuipuuza. "Ukirudi umelewa sitabishana nawe, nitalala chumba cha watoto" ni mpaka, maana kuutekeleza ni juu yako.

Useme mkiwa mmetulia, kwa maneno machache, kisha utekeleze kila mara. Ukilegeza mara moja, atajua ni suala la kusubiri tu. Alizeti za shamba lako uza mwenyewe: Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua mali binafsi ya mke na ya mume. Mama mkwe anayeamua mambo ya nyumba yenu, azungumze naye mwanawe. Usingizi ukikukimbia wiki mbili na chakula hakipiti, nenda kituo cha afya. Mkishindwana, liko baraza la usuluhishi wa ndoa, ambalo kwa kawaida sheria hiyohiyo inawataka mlipitie kabla ya kudai talaka mahakamani.

Ukipigwa, acha kujadiliana. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa hakimpi mume wala mke haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Ondoka na watoto, nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi au kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, siku hiyohiyo.