Kiuno cha ubao ndicho kinachokata kona

Mwaka 2018 huko Pyeongchang, Korea Kusini, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, alishuka mlima wa theluji akiiwakilisha Kenya katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi. Huenda wengi walijiuliza: mtu aliyefungwa mbao mbili miguuni, hana usukani wala breki, anakataje kona?

Jibu limo katika umbo la ubao. Ubao wa skii ni mpana kwenye ncha na mkiani, lakini mwembamba kiunoni, na pembeni una ukingo mkali wa chuma. Kata kadi ngumu kwa umbo hilo, kisha uiinamishe ubavu juu ya meza. Ncha zote mbili zitagusa meza, kiuno kitaning'inia. Ukikibonyeza mpaka kiguse, kadi itapinda kama upinde. Ndivyo inavyokuwa mlimani: mtelezaji huinamisha ubao, uzito wake hukibonyeza kiuno, na ukingo uliopinda huchonga njia ya mviringo. Snoubodi, ule ubao mmoja wa miguu yote miwili, hufuata kanuni hiyo hiyo.

Tupige hesabu kidogo. Ubao wa mita 1.6, ambao kiuno chake kimeingia ndani sentimita 1 kila upande, una umbo la duara lenye nusu kipenyo cha mita 32. Kiuno kikiingia sentimita 2, duara hushuka hadi mita 16. Sentimita moja tu, na kona imekuwa kali maradufu!

Zamani mbao zilikuwa ndefu na karibu zinyooke, na kona ilipatikana kwa kuiburuza mikia yake pembeni kwa nguvu. Mwaka 1993 kampuni ya Elan ya Slovenia ilileta sokoni ubao wa SCX, wenye kiuno kilichobonyea sana. Wengine wakafuata, na wanaoanza kujifunza wakapata nafuu kubwa.

Lakini kizuri hakikosi ila. Kwa kasi ile ile, duara likipungua nusu, nguvu inayoelemea mwili huongezeka maradufu, na magoti ndiyo hubeba mzigo. Kwa kuhofia majeraha, Shirikisho la Kimataifa la Skii liliamuru kwamba kuanzia msimu wa 2012/13 mbao za wanaume za slalomu kubwa ziwe na nusu kipenyo kisichopungua mita 35, badala ya 27. Wanamichezo walilalamika. Ted Ligety wa Marekani alipinga vikali, kisha akatwaa dhahabu ya Sochi mwaka 2014 kwa mbao hizo hizo! Msimu wa 2017/18 kiwango kilishushwa hadi mita 30.

Basi, msikilizaji, ukimwona mtelezaji akikata kona kwa wepesi, mtazame magoti. Ubao humrahisishia kazi, lakini gharama hulipwa na mwili.